Mlinzi Niliyemwachia Begi Tamashani

Jamani, leo nimemwita mtu mwizi mbele ya umati.

Tamasha la muziki hapa Themi, jua kali. Nimecheza kila wimbo tangu asubuhi. Saa tisa miguu ikagoma.

Kivulini kulikuwa na Mmasai mmoja, shuka begani, anakunywa maji kidogo kidogo.
Hachezi. Anatutazama tu.
Nikajua ni mlinzi, kama wale wa mageti ya kwetu Lemara.

"Kaka, nishikie begi, nikanawe uso."
"Sawa, dada, ila usichelewe."

Usichelewe? Mlinzi gani ana haraka? Nikaanza kuwa na wasiwasi.

Foleni ya maji ikanichukua zaidi ya saa nzima. Kurudi, hayupo. Begi halipo.
"Nilijua tu! Yule mlinzi ni mwizi!" Nimepiga kelele mpaka watu wakaanza kumsaka.

Mara mshereheshaji akamtangaza msanii wa kufunga tamasha.
Akapanda jukwaani. Shuka bega hili, begi langu bega lile.

Akashika kipaza sauti: "Dada mwenye kofia nyekundu, njoo uchukue begi lako. Nimekusubiri sana, sasa naomba niimbe."

Watu wote wakageuka kutafuta kofia nyekundu.

Nikaivua taratibu, nikaikalia.

Nyie mngepanda?