Asiyelala Hapa Haandikwi

Kazi yangu pale Arua, Uganda, ni kuwauliza watu kama watapiga kura, kisha kutowaamini. Nasema kwa utani, lakini ndivyo ilivyo. Ofisi yetu ndogo hufanya kura za maoni, na uchaguzi wa rais ukikaribia swali gumu si nani anapendwa. Swali gumu ni wangapi wataamka asubuhi hiyo na kwenda kituoni kweli.

Maana kwetu kila mtu husema ndiyo. Mgeni amefika mpaka uani, amepewa kiti, anauliza kwa adabu, utamjibuje hapana? Kule Kuluba wanawake waliokuwa wakipalilia karanga walitujibu ndiyo bila hata kuinua mgongo, ili tuondoke. Ludara walitujibu ndiyo na kutuongezea mihogo ya kuchemsha. Ukijumlisha ndiyo zote hizo, siku ya kura hakuna atakayebaki nyumbani, hata wagonjwa. Na hata ukiuliza watu mara mbili ya hao, kosa ni lile lile, limenenepa tu.

Kwa hiyo nikawafundisha wenzangu swali la pili: siku hiyo utakwenda na nani, na nyumbani utamwachia nani? Aliyekwisha kupanga hujibu papo hapo, mbuzi atamwachia jirani, atatoka na dada yake. Asiyekwenda hucheka, au hutazama paa. Nikawafundisha pia kanuni ya kuhesabu watu wa nyumba: asiyelala hapa haandikwi. Bila hiyo, akina mama huwataja watoto walioko Juba na Kampala kana kwamba wameingia ndani kuchukua shati.

Zamu ya Koboko mjini ilipofika, nyumba zilichaguliwa kwa kuruka kadhaa kila mara kuanzia barabarani, na mojawapo ikawa yetu. Nyumbani kwangu ni hapo, kwa mama mkwe wangu. Arua ninalala siku za kazi tu. Mtu wa ofisi hahojiwi, basi aliyehojiwa ni mama, na aliyehoji ni mwenzangu wa kazi, mzaliwa wa Vurra. Mimi niliambiwa nikae kando nisifungue mdomo. Nikavuta sinia la mihogo nikaanza kumenya.

"Mama, hapa iko watu wakubwa ngapi?"

"Tatu," akasema mama. "Mimi, huyu bibi ya mutoto yangu, na mutoto yangu."

Huyo mtoto wake ni mume wangu. Baada ya uchaguzi uliopita alivuka mpaka wa Vurra na lori la mbao kwenda Kongo, na hajarudi. Mwanzoni alikuwa akipiga simu kutoka Aru, ng'ambo tu ya mpaka, baadaye kutoka mbali zaidi, baadaye kwa simu za kuazima. Mara ya mwisho alisema, "Kura nitakuja." Picha zetu zote zilikuwa kwenye simu aliyoondoka nayo, na ile moja ya harusi iliyokuwa ukutani mchwa waliila kwa nyuma wakabakiza kioo. Nina hamu na mume wangu. Nasema wazi maana nimechoka kuzungukazunguka. Siku nyingine nautafuta uso wake kichwani napata masikio tu.

"Yeye nalala hapa?" mwenzangu akauliza.

"Kitanda yake iko."

Mwenzangu akanitazama. Nikatazama mihogo. Akaandika wawili kwenye simu ya kazi, kwa kidole gumba, na mume wangu akatoka katika hesabu ya nyumba yake kwa kanuni niliyoifundisha mwenyewe. Mwenzangu hakukosea hata kidogo. Nilitaka kumpiga na muhogo.

"Na wewe, mama, utapiga kura?"

"Nitapiga."

"Utaenda na nani?"

"Na mutoto yangu."

Basi nikajua haendi. Miguu yake imevimba kwa miaka, na anayetegemea kumsindikiza hayupo. Kwa kipimo changu, mtu wa namna hiyo hubaki nyumbani. Kichwani nikamwondoa kwa wapiga kura.

Kipimo hicho nilikitumia kwa kila mtu isipokuwa mmoja. Mume wangu aliposema "Kura nitakuja," sikumwuliza swali la pili. Sikumwuliza atakuja na nani, wala kwa gari gani. Nilisema, "Sawa, karibu." Jioni ya kuamkia kura nikapika chakula cha watu watatu, na kila gari lililosimama barabarani nikausikiliza mlango wake. Mama alikula kidogo, akafunika sahani ya tatu.

Asubuhi nilimkuta amekwisha kuvaa na kujitanda. Nikamwambia jua litakuwa kali. Akasema, "Tembea." Tukaenda tukipumzika kila penye kivuli.

Uwanjani palikuwa na meza mbili, moja ya majina ya herufi za mwanzo, nyingine ya herufi za mwisho. Jina lake na la mwanawe yanaanza sawasawa, na daftarini yanafuatana. Langu liko meza ya pili. Nikiwa kwenye mstari wangu nilimwona akifika kwa karani. Karani akafungua daftari la wapiga kura, lile lenye picha ndogo ya kila mtu, akatafuta, akamwonyesha yake. Mama hakuitazama. Aliweka kidole kwenye picha iliyokuwa juu ya yake, akainama mpaka pua ikakaribia karatasi. Waliokuwa nyuma yake wakaanza kunung'unika. Hakuharakishwa.

Hapo nikaelewa alichofuata kwa miguu ile, na kwamba hakuna swali letu ambalo lingekijua. Nikamwonea wivu, mama wa watu. Nilitamani kuhama mstari, lakini kwenye meza ile wangenirudisha.

Nilipomaliza kupiga kura nilimkuta amekaa chini ya ukuta, wino haujakauka kidoleni.

"Iko?" nikamwuliza.

"Iko."

"Yeye navaa nini?"

"Shati ya mistari. Kola imesimama upande moja."

Shati lile nililipiga pasi mimi, asubuhi ile mume wangu aliyokwenda kupigwa picha ya daftari hilo. Alikuwa na haraka. Hakunisubiri nimalize kola.