Nyumba Isiyo na Sauti

Jina la Fundi Vifurushi alibandikwa na mdogo wake, na wateja wa duka la fotokopi walilidaka bila kuuliza. Walidhani anaitwa hivyo kwa jinsi anavyofunga karatasi zao. Wala! Kazi yake hasa hawakuiona. Alichukua michezo ya kompyuta ambayo wenyewe wameiachia dunia bure, akaikarabati mpaka ikakubali kufanya kazi kwenye mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, wa ukoo wa Unix, kisha akaifunga kama kifurushi ambacho mtu anakiweka kwenye kompyuta yake kwa amri moja tu. Hakuna aliyemlipa hata senti. Aliifanya palepale kaunta, kati ya mteja na mteja, mashine ya fotokopi ikimpulizia joto mgongoni.

Mdogo wake alikaa meza ya nyuma akibana karatasi kwa stepla. Macho yake yalikuwa yamepofuka ukubwani, kwa hiyo kila kitu alikipima kwa vidole na masikio. Michezo yote ya dada yake ilimpita kando, isipokuwa mmoja. Ulikuwa mchezo wa nyumba yenye vyumba vya giza, ambamo mchezaji anatafuta njia kwa kusikiliza: bomba linadondoka kushoto, mlango unalia upande wa kulia, nyayo zake mwenyewe zinabadilika akitoka kwenye saruji na kukanyaga zulia. Humo ndani hakuna aliyemshika mkono. Alikwenda anakotaka.

Kuuhamisha mchezo ule kulimtoa jasho Fundi Vifurushi. Mtunzi wake aliuandika kana kwamba ulimwengu mzima unatumia kompyuta kama yake, na karibu nusu ilibidi ifumuliwe na kushonwa upya. Lakini ukaingia kwenye hazina ya mfumo, ghala ambamo watumiaji wote huchota vifurushi, ukakaa humo kwa miaka, na mdogo mtu akaridhika.

Asubuhi moja ukaja ujumbe wa mkaguzi wa vifurushi, mtu wa mbali wasiyewahi kumwona. "Sauti za mchezo huu hazina leseni. Asipopatikana mwenyewe, mchezo unatolewa kabla ya toleo jipya la mfumo. Hata hivyo sidhani kama kuna mtu anaucheza."

Fundi Vifurushi aliwaka. Toleo jipya likishaingia, mchezo usiokuwemo haungefunguka tena, na mkaguzi alikuwa anazungumza kama mtu anayefagia vumbi!

"Eti hakuna anayeucheza!" alifoka. "Amemuuliza nani?"

Mteja aliyekuwa mbele yake akarudi nyuma hatua moja. "Dada, mimi nilitaka nakala mbili tu."

Kilichomchoma zaidi ni kwamba kuhusu leseni mkaguzi alikuwa na haki. Kitu kisicho na ruhusa ya mwenyewe hakiingii kwenye hazina, na yeye mwenyewe alishawakatalia wenzake kwa sababu hiyohiyo. Akamwandikia mtunzi. Jibu likaja: "Sauti nilizikuta mahali, sikumbuki wapi. Kwani kuna shida gani?" Shida gani! Mtu anaokota mali ya watu, anaichanganya na yake, anaigawa kwa mbwembwe, halafu anashangaa wengine wanapokosa usingizi. Watu wa aina hii wanatia hasira, na ubaya wao ni kwamba huwa wachangamfu.

Basi Fundi Vifurushi akafanya wanachofanya mafundi wote wa vifurushi: kata kiungo kibovu, okoa mwili. Akaziondoa sauti zote, akaujenga mchezo upya, akaujaribu kwenye kompyuta safi. Ulifunguka bila kosa hata moja. Mkaguzi akajibu, "Safi kabisa," naye akamwita mdogo wake kwa furaha.

Mdogo mtu akavaa hedifoni, akabonyeza. Akangoja. Akazivua, akazipuliza, akapapasa waya mpaka kwenye tundu.

"Dada, waya umekatika?"

Hapo ndipo akili ilipomrudia, na aibu ikamshika. "Umeshakaguliwa," alisema kwa sauti ndogo.

"Umekaguliwa na nani?"

"Mkaguzi."

"Kwa macho?"

Dada mtu akainuka. Akafunga duka mchana kweupe, akampa mdogo wake simu ya kurekodia sauti mpya za mchezo. Mdogo mtu ndiye aliyeamuru: bomba la uani lilegezwe, bawaba ya kabati isitiwe mafuta, zulia la mlangoni likung'utwe kwanza. Zamu ya nyayo ilipofika, dada mtu alipita kwenye saruji huku bado akimsema mkaguzi na ukoo wake wote.

"Huyu anatembea kama anakwenda kumpiga mtu," mdogo wake alisema.

"Nirudie?"

"Acha hivyohivyo."

Mchezo wenye sauti mpya ukapelekwa. Majibu yakaja siku ambayo toleo jipya lilikuwa linafungwa, lisipokee kitu tena, na safari hii mkaguzi aliandika kwa adabu na haraka. Kila kitu kiko sawa, ila aliyerekodi sauti lazima aseme mwenyewe kwamba ameridhia zitumike. Je, anaweza kuombwa athibitishe sasa hivi, tafadhali? Fundi Vifurushi akamsomea mdogo wake neno kwa neno.

"Kwa hiyo ananiomba mimi?"

"Anakuomba wewe."

"Yule aliyesema hakuna anayeucheza?"

"Huyohuyo."

Mdogo mtu akalinganisha kingo za karatasi zake, akazibana kwa kishindo, akaweka furushi pembeni.

"Mwambie bado nafikiria."

Dada yake akaitazama saa ya ukutani, kisha akaandika hivyohivyo, akatuma.