Goti la karani

Jirani yangu hapa Kaloleni, karani wa reli mwenye kitambi cha heshima, hufanya mazoezi uani na mkewe kila asubuhi, tangu daktari amwonye mama huyo kuhusu presha. Kila mmoja hushika pakiti ya unga ya kilo mbili, ile ile itakayosongwa ugali jioni. Wanachuchumaa, wanainuka, na karani anahesabu kwa sauti ya kutangaza treni. Wakifika kumi na mbili, mama akianza kuhema, karani huketi ghafla kwenye ndoo iliyopinduliwa na kuguna.

“Goti la kulia, mama. Limenikatalia.”

“Umezeeka, baba,” mkewe humcheka, akiketi kando yake na kupangusa jasho. “Mimi ningemaliza zote thelathini.”

“Najua. Nihurumie tu.”

Jana mama alitoka mapema kununua sukuma wiki. Nikianika nguo, nilimwona karani peke yake, pakiti mbili mikononi, akichuchumaa mara thelathini bila hata kuhema. Mara lango likalia. Akajitupa kwenye ndoo, akashika goti.

“Kumbe leo ni la kushoto?” mkewe akauliza, akaketi kando yake.