Mstari wa Mama Pindo

Mama Pindo hakuwa mtu wa kuelezwa jambo mara mbili. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameshona sare, magauni ya harusi na suruali za wanaume wasiotaka kukubali kwamba matumbo yamekua, na mteja akirudia maelezo humkata kauli: "Nimesikia, nenda kapumzike." Lakini hili la mionzi, loo! Alielezwa mara tatu, akatoka vilevile alivyoingia.

Daktari alisema uvimbe wa titi la kushoto umeshatolewa, sasa mionzi imalizie masalia. Hapo sawa. Kisha akasema nyuma ya titi hilo kuna moyo na pafu, navyo mionzi inaweza kuviumiza, madhara yakaja kuonekana baada ya miaka. Kwa hiyo kila siku atavuta pumzi aibane, kifua kijae, moyo usogee mbali na njia ya mionzi.

"Yaani mnanitibu huku mnanichoma?"

"Tunakutibu huku tunakulinda, mama."

Bintiye aliyemsindikiza alikuwa akitikisa kichwa kama msomi. Njiani Mama Pindo akamuuliza ameelewa nini. "Kusema kweli, mama, hata mimi nimetoka kapa." Wakacheka, ingawa kicheko chenyewe hakikufika mbali.

Kitu kimoja tu alikielewa: mistari. Walimlaza, wakamchora kifuani na ubavuni kwa kalamu ya wino, wakamwambia asiisugue kwa sababu ndiyo inayoongoza mashine. Mistari! Hapo alikuwa kwake.

Wiki ya pili joto likamtoa jasho kwenye cherehani, na Jumanne mstari wa ubavuni ukafifia, ukabaki nusu tu. Mwingine angekwenda kuwaambia hospitali. Yeye? Thubutu! Aliketi mbele ya kioo, mkono wa kushoto kaulaza mapajani, akashika kalamu ya wino kwa mkono wa kulia na kuukamilisha mstari kwa kukadiria. Ukanyooka vizuri, hata akajipongeza. Jumatano akatibiwa, hakuna aliyesema neno.

Alhamisi, amelala mezani, dada wa mionzi akamwambia ainue mkono aushike mpini juu ya kichwa, kama siku zote. Safari hii Mama Pindo alijitazama. Ngozi ikavutika, na mstari wake ukasogea nayo kuelekea ndani.

Akaukazia macho. Yeye ndiye anayewagombeza wateja, "Inua mkono nione kwapa linavyovuta," kwa kuwa nguo iliyopimwa mkono ukiwa chini huhama ukiinuliwa. Hospitali walimchora mkono ukiwa juu. Yeye kajichora ameketi! Sasa mstari umekwenda wapi, kwenye moyo au mbali nao? Kushoto kwake ni kushoto gani, akiwa amelala chali? Akinyamaza, aibu itaishia hapo hapo. Mficha maradhi, kifo humuumbua, wamesema wahenga. Lakini wahenga hawakuwahi kulazwa kwenye meza ile, kifua wazi.

"Simama kwanza, mwanangu. Mstari huo nimeuchora mimi."

Dada akapima. Akapima tena, akilinganisha na karatasi zake.

"Mstari umehama upana wa kidole, mama. Kwa upande wa moyo."

"Basi ufute, uchore wako."

"Nitauchora. Na ile picha ya kuhakiki mionzi inapita wapi tutapiga leo leo, tusisubiri Jumatatu."

Mama Pindo alimtazama. "Kumbe picha ni Jumatatu tu. Na jana?"

Yule dada akaiweka kalamu chini. Alikuwa na umri wa bintiye.

"Jana niliona mstari umekolea. Nikadhani mwenzangu ameupitia kwa kalamu. Sikuuliza."

"Kwa hiyo jana mlinipiga moyo?"

"Sijui, mama. Namwita daktari apige hesabu ya mionzi iliyofika moyoni. Siku moja huenda isilete madhara."

"Huenda?"

"Huenda."

Mama Pindo alitaka kumfokea. Akataka pia kumwambia pole. Hakujua amkasirikie nani, huyu mtoto wa watu au mkono wake mwenyewe. Akaushusha ule mkono taratibu, akajifunika shuka hadi shingoni.

"Tumekosea wawili, mwanangu," akasema, "na moyo ni mmoja, wangu."