Niliandika watoto wangu kwenye mstari wa mabati: kodi yangu ya kwanza kama fundi, Likasi

Wakuu, salamu kwenu. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Miaka ya tisini, Likasi. Nilikuwa mfanyakazi wa tanuru pale Panda, kiwanda cha kuyeyusha shaba. Mishahara ikawa haiji, nikaanza kutengeneza mbabula, yaani majiko ya makaa, kwa mabati chakavu.

Mke wangu alikuwa mtu wa Kasai, mkoa mwingine. Watu wa kwao walipofukuzwa mjini kwetu, alipanda treni na watoto wetu watatu. Mimi nikabaki kulinda nyumba. Tulikadiria miezi mitatu watakuwa wamerudi.

Nyumba ikawa kimya mpaka nikaanza kuongea na nyundo. Msicheke.

Mwaka ulipoisha nikaitwa ofisi ya kodi. Zamani kampuni ilikata kodi na pensheni yenyewe, mimi nasaini tu. Sasa nilitakiwa kukadiria faida yangu mwenyewe.

Pesa ya wakati ule ilikuwa inaoza mfukoni, kwa hiyo nilihesabu kwa mbabula. Katika kila kumi, moja naiweka chini ya kitanda kwa ajili ya kodi, nyingine kwa mchango wa pensheni. Siku ya kulipa nauza. Mpaka leo najisifu kwa hilo.

Kosa likaja kwenye fomu. Ilikuwa ya Kifaransa, na mstari mmoja umeandikwa "charges".

Sisi wa tanuru, charge ni mzigo unaoupakia. Sasa mzigo wangu mimi ni nani? Nikaandika jina la mke wangu na majina ya watoto wote watatu.

Karani, mama mmoja wa makamo, alicheka mpaka akavua miwani.

"Hapa tunaandikaka mabati na makala, papa. Hapana bantu." Kumbe ni gharama za kazi, mabati na makaa, si watu.

Akanionyesha mstari mwingine, wa watu unaowalisha. Kila mmoja anapunguza kodi. Nikafurahi kweli. Kisha akauliza wanaishi wapi.

Nikamwambia walienda na treni, mwaka unapita, barua hakuna.

Hakucheka tena. Akasema kwa taratibu zao wanahesabiwa wanaolala kwangu tu. Akanisogezea kalamu niyafute majina.

"Miye siwezi kubakata, mama," nikamwambia, yaani siwezi kuwafuta. "Andika mutu moya. Nitalipa."

Karani akaandika "moja" pembeni, majina akayaacha yalivyo.

Kodi ikazidi akiba ya chini ya kitanda. Nikauza na mbabula kubwa niliyomtengenezea mke wangu kwa siku atakayorudi. Iliniuma sana.

Wakuu mnaojiajiri, tengeni kodi siku ileile mnayouza, na neno usilolijua uliza kabla hujalijaza. Kuuliza si ujinga. Na nyie, fomu yenu ya kwanza mliijaza na nani? Andikeni hapa, nasoma zote.

Maana kwenye kodi nilikosea kwa mbabula moja tu. Ile miezi mitatu bado naihesabu.