Makala Sita Kabla ya Jumatatu

Tarehe 4 Machi 2019, mkunga mmoja wa hospitali ya wilaya alisajiliwa chuoni kusomea shahada ya uzamili. Tarehe hiyo imechapishwa kwenye kadi yake ya mwanafunzi, ambayo sasa imechubuka pembe zote, na picha iliyo juu yake ni ya mwanamke aliyelala akashiba usingizi. Kanuni za chuo zinampa miaka mitano, haiongezwi hata siku. Zimebaki wiki tatu.

Wodini wanamwita Mama Pacha. Wenzake husema baada ya kuzalisha watoto wa watu kwa miaka mingi aliona naye ajikumbuke, akajizalia wawili kwa mpigo. Tasnifu yake inahusu wanawake wanaotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Takwimu alizikusanya mwenyewe, akiwa kwenye zamu, amesimama.

Kilichomkwamisha ni tafiti za wengine. Alipokuwa mwaka wa tatu, serikali ilichukizwa na ripoti moja iliyowekwa kwenye hazina kubwa ya makala za kitaaluma mtandaoni, na badala ya kuifunga ripoti ikaifunga hazina nzima. Mwanzoni ukibonyeza uliambiwa ukurasa haupatikani. Baadaye hata kutafuta kukawa kazi bure. Makala zilitoweka kwenye matokeo, zikabaki habari za wachezaji na matangazo ya dawa za kupunguza tumbo.

Januari msimamizi wake alimrudishia sura ya pili.

"Mama, sina ugomvi na takwimu zako," alimwambia. "Lakini humu unabishana na marehemu watupu. Tafiti mpya ziko wapi?"

"Zimefungwa, Daktari."

"Mimi najua zimefungwa. Mtahini wa nje hajui."

Akamtajia makala sita. Bila hizo, sura haipiti, na bila sura hiyo hakuna shahada. Mama Pacha aliwaandikia waandishi wote baruapepe. Mmoja tu alijibu: alimpongeza kwa juhudi zake, akamwelekeza kwenye hazina ileile.

Mtu ambaye hakumwomba ni mumewe. Mumewe ni fundi kwenye kampuni ya intaneti, na anwani za kufungwa hupita mikononi mwake. Hazina ile aliifunga yeye. Nyumbani jambo hilo huitwa "ile kazi", na likishaitwa hivyo mazungumzo huhamia kwenye bomba linalovuja. Mwenzake mmoja alimfungulia shemeji yake tovuti kwa saa moja tu, akamwaga unga.

Ijumaa Mama Pacha alirudi kutoka zamu miguu imemvimba, akamkuta mumewe jikoni anamenya vitunguu, kazi ambayo huifanya akiwa na la kusema.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Kaa kwanza."

"Nikikaa sinyanyuki. Sema."

Mumewe alinawa mikono taratibu, akajifutia shati. "Wale wenye makala zako, wengi wana nakala kwenye kurasa za vyuo vyao wenyewe. Ukitafuta hazitokei, lakini ukiandika anwani ya chuo chenyewe unaingia."

"Umejua lini?"

"Leo. Ndizo anwani mpya tulizoletewa."

"Kwa hiyo unakwenda kuzifunga."

"Jumatatu, saa mbili asubuhi."

"Na huwezi..."

"Mama Pacha."

"Basi. Sijasema kitu."

"Hujasema," mumewe akakubali. "Na mimi nilikuwa namenya vitunguu."

Mama Pacha alidhani atakasirika. Akatafuta hasira, hakuiona. Alichokuwa anakitaka ni kiti.

Jumamosi mume aliwapeleka pacha kwa shangazi yao. Mama Pacha aliweka kompyuta kwenye meza ya kulia, feni yake ikihema kama mgonjwa wa pumu, akaanza kuandika anwani moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilifunguka kabla chai haijapoa. Nyingine zilimtoa jasho, kwa kuwa waandishi nao huhamahama. Hadi Jumapili alasiri alikuwa na tano. Kwa ile ya sita alipata picha ya mwandishi akitabasamu mbele ya rafu ya vitabu, na hakuna kingine.

"Jaribu chuo alichosomea," mumewe alisema kutoka kwenye kochi, macho kwenye gazeti.

Alijaribu. Hakikuwa nayo.

Akamwandikia msimamizi ujumbe: "Daktari, tano zinatosha?"

Jibu lilichukua muda. "Zinatosha. Hiyo ya sita, nikiulizwa, sijawahi kuisikia."

Mama Pacha alizihifadhi zote tano mahali pawili, akafunga kompyuta, akainua miguu juu ya kiti cha pili. Hakuna aliyesema asante, na mumewe hakuingojea.

Kesho saa mbili asubuhi yeye ataingia zamu wodini, na mumewe atazifunga kurasa za vyuo.