Pamba ya Mwalimu Kamande

Vumbi la pamba lina harufu yake, kavu, yenye mafuta ya mashine kwa mbali, na ndiyo harufu ya chumba chetu cha Kiandutu nilipokuwa darasa la saba. Mama alinunua mabaki ya nyuzi kutoka kiwanda cha nguo pale Thika, akayachambua kwa vidole na kuyashindilia ndani ya mito aliyoiuza sokoni. Jioni tulipiga chafya pamoja, naye akinifundisha kwamba mto uliovimba sana umejazwa ovyo: ukiulalia mara moja, unakuwa chapati.

Mwalimu wetu wa Kiingereza, Kamande, alivimba hivyo hivyo. Debe tupu haliachi kuvuma, na hilo lilivuma kuanzia kengele ya asubuhi. Kila mmoja wetu alikuwa na daftari la maneno mazito, na insha isiyo na kumi kati ya hayo aliiita uji wa mgonjwa. Sifa yake kuu ilikuwa neno moja, "bombast". Aliyeandika asichokielewa aliambiwa ana bombast, akapigiwa makofi. Siku ya wazazi ilipokaribia, nilichaguliwa kusoma insha kuhusu Mama. Niliiandika kwa Kiingereza chepesi makusudi, kwa kuwa Mama aliishia darasa la nne nami nilitaka aisikie yote. Kamande aliikata kwa kalamu nyekundu, mstari baada ya mstari.

"Hii ni Kiingereza ya nursery," alisema. "Weka bombast, wageni wajue uko na mwalimu."

Nikaweka. Namdharau mpaka leo, na yule msichana niliyekuwa, aliyemtii, simheshimu sana. Nilisoma, wageni wakashangilia, Kamande akanyoosha tai yake kana kwamba aliyesifiwa ni yeye. Tulipofika getini, Mama, amevaa kitambaa chake cha kanisani, aliniuliza, "Sasa hapo umesema nini juu yangu?"

"Mambo mazuri, Mami."

Alikaza fundo la kitambaa, tukashika njia ya nyumbani.

Sasa naishi Kimbo, Ruiru, na juzi binti yangu alikuja na daftari la maneno mazito kama lile langu. "Mum, teacher amesema bombast ndio inaleta marks." Nikafungua kamusi. Kumbe si sifa kamwe. Ni maneno makubwa yasiyo na kitu ndani, na asili yake ni pamba: zamani Waingereza waliiita hivyo pamba waliyojazia nguo ili kifua kionekane kipana. Nilicheka kwa dharau. Mtu mzima alimfundisha mtoto wa mshona mito kujaza pamba, tena vibaya.

Jumapili nilimweleza Mama, ambaye siku hizi anakaa Ngoingwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Basi toa hiyo pamba," akasema, "unisomee ile yako ya kwanza."

Insha ya Kamande naikumbuka neno kwa neno, takataka zake zote. Ile yangu, nilipofungua kinywa, sikupata hata sentensi moja.